Bega la Udongo

Karani alikuja kuniita katikati ya kipindi. Mikono yangu ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, na kidato cha tatu walikuwa wameinamia meza wakibandika misuli ya paja.

"Mwalimu, Mkuu anakuita. Amesema uache kila kitu."

Nilinawa kwenye ndoo ya mlangoni, nikajifutia kwenye sketi, nikavuka uwanja kwa haraka. Mkuu wetu wa shule hakuwa mtu wa kukatiza vipindi. Njiani nilijiuliza kama nyumbani kuna msiba.

Ofisini nilimkuta Mkuu amekaa wima kama yuko mahakamani. Mbele yake alisimama baba mmoja mwenye duka la vyakula karibu na kituo, wa familia ya Kiarabu ambayo wenyeji wa mtaa wanasema ilikuwepo Chamazi kabla ya barabara ya lami. Alivaa kanzu na kofia. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuniangalia.

Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa salfeti. Mkuu aliingiza mikono yote miwili na kutoa kitu kilichofungwa kwenye kanga mbichi kwa maji. Akakifungua taratibu, kama mtu anayeogopa kuumwa.

Kilikuwa kiwiliwili cha mtu, cha udongo, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Kilikuwa na kichwa, macho na masikio, lakini hakikuwa na miguu. Mkono wa kushoto uliinuliwa mpaka usawa wa sikio, kiganja wazi. Mkono wa kulia ulining'inia tu ubavuni.

"Hiki ni nini, mwalimu?" Mkuu aliuliza.

Kabla sijasema nilichojibu, lazima nieleze udongo ulifikaje shuleni kwetu.

Nilikuwa nimefundisha Baiolojia miaka minane kwa chaki na ubao. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye kabati moja, hadubini isiyo na lenzi na chupa za dawa zilizokauka. Wanafunzi walikariri Kiingereza cha kwenye vitabu, wakakiandika kwenye mtihani, wakafaulu au wakafeli, na kwa vyovyote vile hawakujua kilichomo ndani ya miili yao. Siku moja kijana aliyekuwa ameandika maelezo ya figo bila kukosea hata nukta nilimwambia asimame anionyeshe figo zake ziko wapi. Akagusa chini ya kitovu. Darasa zima likaona amepatia.

Likizo ile nilikwenda Keko, kwa fundi seremala aliyewahi kunitengenezea kitanda. Nilimwonyesha picha za mifupa ya mkono, bega na mguu, nikamwomba anichongee kwa mabaki ya mbao. Alizitazama picha muda mrefu, akauliza, "Huyu mtu wako, mwalimu, ni mrefu kiasi gani?" Kiwiko alikifunga kwa bawaba ya mlango wa kabati, na kilikunjika vizuri kuliko nilivyotarajia. Udongo niliupata kwa mama mmoja mfinyanzi upande wa Kisarawe, anayetengeneza vyungu na vyetezo. Alinichanganyia ulio laini, usiopasuka haraka.

Kazi ilikuwa hivi: unaanza na mfupa mtupu, unabandika misuli mmoja mmoja, ya ndani kwanza, ya juu mwisho. Kila msuli lazima ujue unaanzia mfupa gani na unaishia mfupa gani. Binti wa mwenye duka ndiye aliyelielewa hili kabla ya wote. Alikuwa mtoto wa kimya, akikaa dirishani, hijabu yake ameipandisha kidogo isiguse udongo. Wiki ya kwanza tu alisimama kwenye meza ya wenzake, akaangalia mkono walioujenga, akasema, "Msuli wenu huu hauwezi kukunja kitu. Umeanza na umeisha kwenye mfupa uleule. Lazima uvuke kiungo." Wavulana wakabisha. Akaushika, akaubandua, akauvusha kwenye bawaba.

Mkuu alikuwa ameniruhusu kwa sharti moja. Hakutaka maneno na wazazi. Kwa hiyo nami niliweka sharti langu: udongo hautoki darasani.

Sasa mzazi alikuwa amesimama mbele yangu.

"Dada yangu amekikuta chini ya kitanda cha binti yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kimefungwa kanga, kimeloweshwa maji. Alipiga yowe mpaka majirani wakaingia. Tangu jana mtaa mzima unasema nyumbani kwangu kuna mambo. Mie si mtu wa kuamini kila neno, mwalimu. Lakini hata kama si uchawi, hii ni sanamu ya mtu. Ina uso. Kwetu hilo si jambo dogo. Nataka kujua mnamfundisha nini mtoto wangu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba binti mwenyewe alikuwepo. Alisimama pembeni ya kabati la mafaili, amekumbatia mikono yake.

"Wewe ndiye uliyempa kazi hii?" Mkuu aliniuliza.

"Hapana, Mkuu."

"Ulimruhusu kutoka na udongo?"

"Hapana. Udongo hautoki darasani, wanafunzi wote wanajua. Hiki sikijui."

Kila neno lilikuwa la kweli. Wakaguzi walitarajiwa mwezi uleule, barua ya kupandishwa daraja ilikuwa bado haijanifikia, na kwenye meza kulikuwa na kitu ambacho mtaani watu hupigwa mawe kwa ajili yake. Nilisema yaliyo kweli, kisha nikarudi nyuma hatua moja. Nakumbuka ile hatua. Binti aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha.

"Haya, sema mwenyewe," baba yake alimwambia. "Ulitengeneza cha nini?"

Binti aliinamia sakafu.

"Nakuuliza mie baba yako. Cha nini?"

Hakujibu. Mkuu alimuuliza mara mbili, nami mara moja, kwa sauti ambayo sikuipenda. Mwishowe Mkuu akatoa uamuzi: binti arudi nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ikae, na udongo wote shuleni utupwe. Baba alishukuru kwa adabu, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, wakatoka, yeye mbele, mtoto nyuma.

"Kitoe humu," Mkuu aliniambia akiionyesha ile sanamu kwa kalamu. "Kakitupe shimoni mwenyewe. Sitaki mtu mwingine akiguse."

Nilikifunga tena kwenye kanga, nikatoka nacho. Wanafunzi waliokuwa uwanjani walinipisha njia kwa mbali kuliko ilivyohitajika. Sikwenda shimoni. Sijui kwa nini. Nafikiri nilitaka tu kukaa mahali pasipo na mtu, nikaingia stoo ya vitabu na kujifungia.

Huko ndiko nilikokitazama vizuri.

Bega la kushoto lilikuwa kamili, misuli imepangwa tabaka kwa tabaka kama nilivyowafundisha, na mingine ambayo sikuwafundisha kabisa. Bega la kulia lilikuwa wazi. Msuli mkubwa wa nje ulikuwa umebanduliwa na kulazwa mgongoni kama nguo iliyovuliwa. Chini yake alikuwa ameweka msuli mwembamba, upana wa kidole cha mwisho, unaotoka kwenye mfupa wa bapa la mgongo, ukipita juu ya bega kuufuata mfupa wa mkono. Haukufika. Ulikuwa umekatwa kwa kitu chenye makali, na vipande viwili viliachana, kila kimoja kimevutwa upande wake.

Msuli ule sikumfundisha. Mwenyewe nilikuwa nimeusahau tangu chuoni. Lakini stoo ile kulikuwa na kitabu kikuukuu cha wauguzi, nami nilikuwa nikimruhusu asome wakati wa chakula cha mchana. Nilikitafuta. Ukurasa wa bega ulikuwa umekunjwa pembe, na chini kulikuwa na alama ya kidole, ya udongo mkavu. Nikasoma: msuli ule mdogo ndio unaouanzisha mkono safari ya kuinuka pembeni. Ukikatika, mkono unabaki chini.

Nilikaa juu ya boksi la vitabu nikiitazama ile mikono miwili, mmoja sikioni, mmoja ubavuni. Mimi ni Mkristo, mtu wa Mbeya, lakini nimepanga Mbagala miaka mingi, ukuta mmoja na Waislamu. Nimeona watu wakianza sala maelfu ya mara, mikono inavyopanda pamoja mpaka masikioni. Kisha nikaukumbuka mlango wa ofisi na mkono wa kushoto ulioufungua.

Haikuwa sanamu ya mtu yeyote tu. Ilikuwa ya baba yake, anayesali kwa mkono mmoja.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia siku ileile kumtetea. Sikukimbia. Nilikaa siku tatu. Mwalimu mwenzangu, mama tuliyekuwa tukila naye, aliniambia, "Achana nayo, dada. Ishu ikishaitwa uchawi haina mtetezi. Utaambiwa wewe ndiye mganga." Darasani nilifundisha kwa chaki. Nilichora paja ubaoni na wanafunzi wakanakili, hakuna aliyeuliza swali, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Udongo nilikuwa nimewaamuru wautupe. Baadaye nilisikia kwamba waliuficha nyuma ya tangi la maji na kuumwagia maji kila jioni, kwa zamu. Wao walikuwa na ujasiri kuliko mimi.

Usiku wa tatu sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi nikatoa kiwiliwili, ambacho siku ile nilikibeba kwa siri hadi nyumbani, chini ya meza yangu ya jikoni, nikachukua waya, nikakata bega la kulia peke yake, na kipande kidogo cha mgongo. Sikutaka kumpelekea mtu dukani kwake kitu chenye uso. Nilikifunga kwenye taulo na kwenda.

Duka lilikuwa na wateja wawili. Yeye alikuwa nyuma ya mizani akipima mchele. Alimkabidhi mama wa kwanza mfuko wake, akasema, "Samahani, mkono wa kushoto," kwa namna ya mtu aliyezoea kusema hivyo siku nzima. Aliponiona akakunja uso.

"Karibu, mwalimu. Kama umekuja kwa niaba ya shule, mambo ya shule tutayamaliza shuleni."

"Sikuja kwa niaba ya shule. Nimekuja kuuliza swali moja. Nikiwa nimekosea adabu, nifukuze, nitaondoka."

Alingoja mteja wa pili aondoke. "Uliza."

"Mkono wako wa kulia una nini?"

Nyuma yake kulikuwa na pazia la kuingilia ndani ya nyumba. Nililiona likitikisika, kulikuwa na mtu. Yeye aliuweka mkono wa kushoto juu ya sinia la mizani, likashuka na kugonga chini.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Binti yako hajasema neno kwa mtu yeyote. Ndiyo maana nimekuja."

Nikafungua taulo juu ya kaunta. Alirudi nyuma kidogo, kisha alipoona hakuna kichwa wala uso, akasogea. Nilimwonyesha mfupa wa bapa la mgongo, nikamwonyesha msuli unakoanzia, unakopita, na mahali ulipokatwa. Nilimwambia mimi si daktari, na kwamba sijui kama ndivyo bega lake lilivyo ndani. Lakini binti yake alikuwa amesoma kitabu cha wauguzi peke yake, na hiki ndicho alichokijenga, na bega la kulia alilijenga hivyo kwa makusudi.

Mtu alikuja kununua kiberiti, akampa bila kumtazama.

"Nilianguka kwenye ngazi," alisema hatimaye. "Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Nilikuwa nateremsha katoni ya sabuni. Nikachuliwa mafuta, nikaumikwa damu kwa chuku, nikaambiwa ni baridi, nikaambiwa ni umri. Nikanyamaza." Alijaribu kuuinua mkono pale pale mbele yangu. Ulifika usawa wa tumbo, bega zima likapanda badala ya mkono, naye akakaza taya. "Nyumbani nawasalisha mie. Wao wako nyuma yangu. Nilidhani hakuna anayeona."

Pazia lilifunguliwa. Alitoka mama wa makamo, dada yake, yule aliyepiga yowe.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa anamfanyia baba yake dawa?" aliniuliza, bado ana wasiwasi.

"Hapana, mama. Alikuwa anatafuta kujua tu kimekatika nini."

Yule mama alikitazama kile kipande cha udongo, asikiguse. "Na ile kanga ya maji?"

"Udongo ukikauka unapasuka. Tunaufunika kwa kitambaa kibichi. Nimewafundisha mimi."

Baba akamwita binti yake kwa jina. Alikuja akiwa na unga mikononi, alikuwa akikanda, na aliponiona akasimama palepale kwenye pazia. Macho yake yalikwenda kwenye kaunta.

"Kwa nini hukusema, pale ofisini?" baba yake alimuuliza.

Alijifuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko unga uliokuwepo.

"Ningesemaje, baba? Mbele ya Mkuu, mbele ya mwalimu? Niseme baba yangu hawezi kuinua mkono?"

Yule mzee aligeuka akatazama rafu za nyuma, kama anatafuta kitu cha mteja. Hapakuwa na mteja. Shangazi akaanza kupanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa.

Ilikuwa zamu yangu, na nilijua, na bado maneno hayakutaka kutoka. Kwetu walimu hatufundishwi kuomba radhi kwa mwanafunzi. "Mwanangu," nilimwambia, "siku ile ofisini nilikuacha peke yako. Niliogopa kazi yangu. Nilisema hiki sikijui, nikarudi nyuma. Naomba unisamehe."

Alinitazama kwa utulivu uleule aliokuwa akiangalia nao kazi za wenzake.

"Ulisema kweli, mwalimu. Hukukijua."

Hakusema amenisamehe. Aliomba ruhusa akarudi kwenye unga wake.

Jumatatu baba alikuja shuleni. Kikao kilikuwa kifupi. Alimwambia Mkuu kwamba shauri la nyumbani kwake limekwisha, kwamba binti alikosea kuchukua udongo bila ruhusa na yeye kama mzazi ameshamwonya, na kwamba haoni haja ya kamati. Kisha akanigeukia na kuweka sharti lake: viungo sawa, mifupa sawa, lakini kitu kizima chenye kichwa na uso, hapana. Nikakubali, na sikukubali kwa kumridhisha tu. Darasa langu nusu ni watoto wa Kiislamu, na muda wote ule sikuwahi kujiuliza. Mkuu aliandika yote kwenye daftari lake, akaniambia tukibaki wawili kwamba siku nyingine nikiona jambo nimwambie siku ya kwanza, siyo ya sita. Alikuwa na haki.

Hospitali walikwenda, baba na binti. Walipiga picha. Msuli ulikuwa umechanika kweli, na bega lilikuwa limekakamaa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Daktari alisema wangefika mapema ingekuwa kazi nyepesi. Alipewa mazoezi ya kufanya kila siku ukutani, vidole vikipanda kidogo kidogo. Shangazi ndiye aliyemsimamia, na nasikia hakumwonea huruma. Mpaka mwisho wa mwaka mkono ulifika usawa wa kidevu. Haukuzidi hapo.

Mtaani maneno hayakuisha yote. Wapo majirani ambao mpaka leo wanasema walichokiona ni walichokiona, na kwamba mzee alifichiwa ukweli na mwanawe. Mama mmoja aliacha kununua katika duka lile. Nilijitolea kwenda kumweleza, baba akanikataza. "Mwache, mwalimu. Utamweleza yeye, kesho atakuja mwingine."

Siku binti aliporudi darasani niliwasimamisha wote, nikawaeleza nilichofanya ofisini. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi, bila kujipamba. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyejua atazame wapi. Yeye alikuwa dirishani, ameinamisha kichwa, anachana karatasi vipande vidogo. Nafikiri nilimwongezea aibu badala ya kumpunguzia, na kama ingekuwa leo ningemuuliza kwanza.

Wavulana walikwenda kuuleta udongo nyuma ya tangi. Ulikuwa na majani na mchanga, tukatumia kipindi kizima kuusafisha. Kwa wiki kadhaa binti hakuja mbele. Kazi yake alikuwa akiileta mezani kwangu, anaiweka, anaondoka. Mimi naikagua, naandika maksi, namrudishia. Ilikuwa kazi nzuri kila mara. "Asante, mwalimu," basi.

Tulipofika kwenye figo niliwagawia udongo, nikawaambia kila mmoja afinyange zake mbili kisha amshikie mwenzake mgongoni mahali zinapokaa. Darasa likajaa kelele na vicheko. Nilikuwa napita kati ya meza nilipomsikia binti nyuma yangu.

"Mwalimu, ya kulia mbona kwenye kitabu iko chini kidogo kuliko ya kushoto?"

"Fikiria. Upande wa kulia, juu yake, kuna nini?"

Alijigusa ubavu, akafikiri. "Ini."

"Basi."

Aliishusha ya kulia kwa upana wa kidole, akaibonyeza, akaniuliza kama inatosha.